Karani Aliyenunua Pawaso

Asubuhi hiyo nilimrudishia mwenye nyumba wangu kule Kikuyu ufunguo wake, nikatupia begi begani, nikatoka bila mpango. Ndivyo ninavyoondoka siku zote. Shule niliiacha mapema, na tangu hapo sijawahi kukaa mahali mpaka mbwa wa jirani wakaacha kunibwekea. Nilishuka katikati ya jiji, nikawa natembea tu, nikitazama watu wa ofisi wakiharakisha kuelekea milango ya vioo na wachuuzi wakitandaza soksi, mpaka nikajikuta kwenye mitaa ya chini, kule wanakouza pampu, jenereta na misumeno.

Mbele ya duka moja palikuwa na pawaso mpya kwenye meza. Ndivyo tunavyouita hapa msumeno wa petroli, ule wa mnyororo wenye meno unaozunguka ulimi wa chuma. Nikapitisha kidole chini ya mnyororo, nikauvuta. Haukusogea hata kidogo.

"Niaje, boss," muuzaji akasema. "Unanunua ama unaipapasa tu?"

"Mmekaza mnyororo sana. Mtu akiwasha hivi, utakula huo ulimi wa chuma."

"Kwani wewe ni fundi?"

"Hapana. Niliishi kwa karani."

Alinitazama kama mtu aliyejibiwa kwa lugha ya ng'ambo. Nami nikasimama pale na kidole changu kimepakwa oili, na kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo nikajua ninakotaka kwenda. Nilikuwa sijamwona kwa miaka mingi. Nikashika njia ya magharibi, kwa miguu, kuelekea Jamhuri.

Majirani wote wa Jamhuri walimwita Karani, na hakuna aliyewahi kuuliza jina lake lingine. Alikuwa amefanya kazi ya ofisi serikalini, huko mjini, kwa maisha yake yote ya utu uzima, na alipostaafu aliirudisha nyumbani tabia yote ya ofisi isipokuwa mshahara. Aliamka, akavaa viatu vya kufunga, akanywa chai, akakaa mezani. Meza haikuwa na kitu juu yake. Baada ya muda aliinuka, akatoka nje kuangalia miti. Hivyo ndivyo nilivyomkuta siku nilipobisha lango lake kuomba maji ya kunywa. Alinipa maji, akaniuliza kama naogopa kamba. Nikasema siogopi. Akanionyesha chumba cha uani. "Utalala hapo. Kazi yako ni kuvuta nikikuambia vuta, na kuacha nikikuambia acha. Wengi hujua la kwanza tu."

Miti yake ilikuwa mitatu: jakaranda kando ya lango, mgrevilia nyuma, na mwavokado uliokuwa umekua hadi ukatandaza tawi moja nene juu ya paa la jikoni. Kabla sijafika, upepo ulikuwa umevunja tawi jingine na kutoboa tenki la maji. Watoto wake wawili, binti na mwana, wote wafanyakazi wa mishahara kule Kileleshwa, walikuja wakamkalisha sebuleni. Nyumba imekushinda, Mama, walisema. Tumekutafutia chumba kwa dada. Kuna lifti. Kuna mlinzi. Hakuna mti.

Hilo la mwisho ndilo lililomuuma. Binti alilisema kama zawadi.

Karani hakubishana. Aliwaambia: "Nipeni mpaka mvua ndefu zipite. Tawi lolote likigusa bati langu mvua ikinyesha, nitafunga masanduku mwenyewe, na hamtanisikia nikilalamika. Lisipogusa, habari ya lifti tusiisikie tena."

Wakakubali, maana walimpenda, na maana walidhani wameshashinda. Wakati huo Karani alikuwa hajawahi kushika hata panga.

Kuajiri wakataji alikataa. Aliwahi kuwaita mara moja, akaenda kanisani, na aliporudi alikuta wamekata kilele cha mwavokado na kuacha matawi yote ya chini. "Walinyoa kichwa," alikuwa akisema, "wakaacha ndevu." Basi akaamua kununua mashine yake.

Siku ya kununua alivaa nguo yake ya kanisani na kofia yenye ua, akaning'iniza mkoba mkononi. Muuzaji alikuwa kijana mchangamfu mwenye tabasamu la biashara, na alizungumza nami badala yake.

"Mwambie mathee hii kubwa ndio moto. Mzee wake ataipenda."

"Mzee wangu amepumzika kaburini," Karani akasema, "na hakupenda kelele hata alipokuwa hai. Mashine ni yangu. Zungumza na mimi."

"Pole, mathee. Basi chukua hii kubwa wewe mwenyewe. Hii inaangusha mkaratusi kama mkate."

Aliinyanyua ile kubwa, akaiweka. Akanyanyua inayofuata. Kila moja aliishika mbele yake mikono ikiwa imenyooka, kama muuguzi anayepima mtoto kliniki, akatulia hivyo, macho amefumba. Wateja wengine wakaanza kutazama. Mwishowe akachagua iliyokuwa karibu ndogo kuliko zote.

"Hiyo ni ya kukata ua, mathee. Sikudanganyi."

"Wewe unaipima kwa nguvu za asubuhi," akamwambia. "Mimi natafuta ile nitakayoweza kuinyanyua jioni, mara ya mwisho, nikiwa nimechoka na bado nataka kubaki na vidole vyangu. Sasa nionyeshe mnyororo wa akiba na tupa ya kunolea. Nani hununua penseli bila kichongeo?"

Muuzaji alicheka mpaka akaacha kutuuzia na kuanza kutufundisha. Alimwonyesha tundu la petroli na tundu la oili ya mnyororo, jinsi ya kuvuta kamba ya kuwashia, jinsi ya kuikanyaga mashine chini kwa kiatu isiruke. Karani alirudia kila kitu kwa sauti. Alipomaliza, kijana akamwuliza kama anatafuta kazi.

Nyumbani hakuiwasha. Kwanza ilikuwa lazima iende kanisani.

Kwa watu wa kanisa lake, kitu kipya hakitumiki mpaka kipelekwe madhabahuni kishukuriwe. Nimeona wakiombea magari, cherehani, sare za shule, na mara moja friji iliyobebwa na wanaume wanne. Pawaso hawakuwa wameona. Karani aliingia nayo Jumapili ikiwa imefungwa leso, kama mtoto wa kubatizwa, akaiweka mbele na kuifunua. Mama mmoja wa kwaya akamwita mama kwa Kikamba, akasema chini chini, "Mwaitu, unaenda kumkata nani?" na kanisa lote likaangua kicheko.

Mchungaji alikuja na chupa yake ya mafuta ya upako. Akaizunguka mashine. Gari hupakwa kwenye usukani, cherehani kwenye gurudumu, lakini hii hakujua ilikuwa na uso upande gani. Macho yake yakatua kwenye kifuniko cha petroli, akaanza kukifungua. Nilimwona Karani akishtuka. Alisogea mbele kwa heshima zote, akafungua kile kifuniko kingine, cha oili ya mnyororo, na kusema, "Hapa, Mchungaji. Hapa ndipo inapopakwa."

Mchungaji, kwa furaha ya mtu aliyeokolewa, akamimina chupa nzima. Kanisa likasema amina.

Yalikuwa mafuta ya kupikia, ya kutoka duka la karibu, kama yote ya upako ninayoyajua. Lakini mnyororo hauulizi mafuta yametoka wapi, unachotaka ni utelezi. Jumatatu tulikata tawi la kwanza la mgrevilia, na uani kote kukanukia chapati. Majirani wawili walikuja langoni wakiuliza tunapika nini. Upako ulipoisha tukarudi kwenye oili ya dukani, na nakiri kazi haikuwa na ladha tena.

Nisimfanye mtakatifu. Karani aliogopa mijusi. Aliweza kusimama katikati ya kelele na vumbi la mbao, miwani imejaa unga, akitabasamu kama bibi harusi, halafu mjusi mdogo akipita ukutani aingie ndani na kufunga mlango. Alichukia kutupa kitu. Mikebe, kamba, maganda ya viazi, vyote vilikuwa na kazi. Lakini petroli iliyochanganywa na oili ikikaa wiki chache kwenye mtungi alikataa kabisa kuitumia. Akampelekea fundi wa pikipiki wa barabarani asafishie vyuma vyake, kisha yeye akachanganya nyingine upya. "Chai ya jana humpi mgeni," alisema. Na hakuna aliyeruhusiwa kumimina petroli tupu. Nilimuuliza kwa nini. Akanieleza kwamba injini hiyo haina oili yake tumboni, inakula ile iliyo ndani ya petroli, na ukiinyima inajisaga yenyewe. Halafu akaniuliza nami kwa nini sikumaliza shule, kwa sauti ile ile, kama maswali hayo mawili yangeweza kukaa kwenye faili moja. Nilimwambia nilichoka kukaa. Akatikisa kichwa. "Basi usikae. Lakini uliza, kama unavyouliza."

Kila jioni ya kazi aliipanga mashine juu ya ile meza yake tupu, akatandika gunia, akaifungua. Alikuwa na brashi ndogo ya nywele ngumu, ambayo zamani alisafishia herufi za taipureta. Sasa ilisafisha chujio la hewa na mifereji ya ulimi wa chuma. Alitoa unga wote, akageuza ulimi juu chini usilike upande mmoja, akanoa mnyororo kwa tupa, jino baada ya jino, na mkono wake ulikwenda mbele tu, haukurudi nyuma ukisugua. Kila jino lilipata haki sawa na la jirani. "Ukipendelea meno ya upande mmoja," aliniambia, "msumeno unakata kombo, na wewe utaulaumu mti." Kisha akaongeza, akinoa, "Hata watoto ni hivyo. Yule wa kiume nilimpendelea kidogo. Ndiyo maana binti ananivuta upande."

Kosa lake kubwa lilitokana na sifa yake kubwa. Karani hakuvumilia kitu kilicholegea. Ukiona chupa ya asali nyumbani kwake, ujue utahitaji mwanamume wa kuifungua. Kilemba chake kilikaza mpaka nyusi zikapanda. Sasa mnyororo mpya hulegea haraka unapoanza kazi, na siku ya kwanza ya kazi nzito aliuona unaning'inia chini ya ulimi. Mashine ilikuwa ya moto, imetoka tu kukata. Akachukua bisibisi, akaukaza hapo hapo, akaukaza tena kwa roho safi, akaenda kulala ameridhika.

Asubuhi mnyororo haukusogea. Ulikuwa umepoa, umefupika, umeushika ulimi kama nyoka aliyemeza fimbo. Bahati mbaya ndiyo siku binti yake alikuja, na akamkuta mama yake ameinama juu ya mashine iliyokufa, na mawingu ya kwanza yakipita juu.

"Mama, si unaona? Hata mashine imekataa."

"Haijakataa. Imekasirika."

"Umri wako si wa vitu hivi."

"Na wako si wa kunipa amri."

Walirushiana maneno hapo uani mpaka chai ikapoa, na binti akaondoka bila kuaga. Karani alikaa. Baada ya muda akachukua bisibisi na kulegeza skrubu ya kukazia mnyororo, taratibu, na mnyororo ukapumua, ukazunguka chini ya kidole chake bila ubishi. Haukuwa umeharibika.

"Chuma kikipata moto kinarefuka," akasema. "Mimi nimekikaza kikiwa kirefu, halafu kimepoa, kikakosa mahali pa kurudi." Akaweka bisibisi chini. "Lete simu."

Alimpigia binti yake. Hakuomba msamaha, hakudai. Alimuuliza amefika salama, akamwambia Jumamosi atapika muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, aje na nduguye. Tangu siku hiyo usemi wake ukawa mmoja, na aliutumia kwa mnyororo, kwa majirani waliogombana, na kwa wajumbe wa kamati ya maji: kaza ikiwa baridi. Mtu akija amechemka, Karani hakumjibu. Alimkaribisha kiti.

Tulikwenda vizuri. Mgrevilia ukapunguzwa, jakaranda ikasafishwa, na likabaki tawi moja tu, lile nene la mwavokado juu ya paa la jikoni. Karani alikuwa amepanga kulikata kutoka jukwaa la tenki, mahali pa kusimamia imara. Alipanda, akatazama, akashuka bila kuwasha.

"Kuna kiota," akasema. "Hua. Vifaranga bado wana manyoya ya usingizi."

"Mama, mvua iko karibu. Na nyumba?" nikamuuliza.

"Nimesikia. Lakini mimi nafukuzwa nyumbani kwangu kwa ajili ya mti. Na mimi nimfukuze mwingine?"

Tukangoja. Kila asubuhi alipanda jukwaani kuwatazama wale vifaranga, kisha akageuka kutazama upande wa Ngong, mawingu yanakotokea. Tawi lilikuwa limeanza kuota majani mapya na kuinama. Lilibakiza upana wa kiganja kufika kwenye bati. Mtoto wake wa kiume alipiga simu akitania kwamba masanduku yake yako tayari. Karani akacheka naye, halafu akakata simu na kutoka kulipima tawi tena.

Mvua ya kwanza ilikuja mchana, na upepo. Karani alitoka mbio bila kofia. "Kamba," akasema, na kwa mara ya kwanza nilielewa kwa nini nilipewa chumba. Tulifunga kamba kwenye tawi, tukairusha juu ya panda ya jakaranda, nami nikavuta. Tawi likapanda kidogo. Upepo ukalishusha, nikavuta tena. Nilining'inia kwenye ile kamba kama mtu anayevuta mbuzi asiyetaka kwenda sokoni, matope yakinipita vifundoni, na Karani alisimama karibu na ukuta wa jikoni, mkono ameuinua juu kati ya tawi na bati, akipima nafasi kwa kiganja. "Vuta. Hapo. Usiache. Nikisema acha ndipo uache."

Alisimama hivyo mpaka mvua ikapita. Kiganja chake hakikubanwa. Juu, mama hua alikuwa ametanda juu ya wanawe kama mwavuli, na alitutazama kwa dharau.

Siku chache baadaye vifaranga wakaruka. Karani alisema sala fupi chini ya mti, ya kuuomba radhi, akavaa miwani, akapanda jukwaani na kuwasha. Mashine ndogo ilipita kwenye tawi lile bila haraka, kwanza chini kidogo ili gome lisichanike, kisha juu, nami nikaliteremsha kwa kamba likatua uani taratibu. Jumamosi watoto walikuja kula. Binti alizunguka nyumba nzima akikagua paa, hakukuta hata jani. Akaingia, akakaa, akajipakulia muthokoi.

"Sawa, Mama," akasema. "Habari ya lifti imekwisha."

"Nani alitaja lifti?" Karani akasema.

Mimi niliondoka mwisho wa mvua hizo. Yeye mwenyewe alinifungulia lango, bila maswali.

Ndiyo maana nilipofika Jamhuri mchana ule, na lango lile likafunguliwa na mwanamke mgeni mwenye mtoto mgongoni, nilitazama nyuma yake kutafuta miti. Jakaranda ilikuwepo. Mwavokado ulikuwepo, umepogolewa vizuri.

"Karani? Tumepanga hii nyumba kwake. Alihamia Kileleshwa kwa msichana wake."

Kwa hiyo walimchukua, nikawaza. Mwanamke aliniona uso.

"Usijali, ako sawa kabisa. Huja hapa kukagua miti. Mwezi uliopita alinigombeza juu ya kamba ya nguo nilifunga kwa jakaranda."

Alinielekeza barabara, nikatembea tena, jua likiwa linashuka, mpaka Kileleshwa, mtaa ambao sikuwahi kuuzoea, ghorofa zimesimama bega kwa bega. Sikuhitaji kuuliza nyumba. Katikati ya magari yaliyoegeshwa, kwenye kiti cha plastiki, kiatu kikiwa kimefungwa, alikaa mwanamke mzee akinoa mnyororo kwa tupa, na mlinzi wa lango amechuchumaa mbele yake akishika taa ya simu.

"Mambo, Mama," nikasema.

Hakuinua kichwa mpaka amalize jino. "Umechelewa," akasema. "Tulihitaji mtu wa kamba tangu Februari."

Nilikaa chini kando ya kiti. Nilimuuliza nililokuja nalo njia nzima: walimshinda vipi?

"Nani alishindwa? Miaka yote waliniita nije nitunzwe. Nikakataa. Halafu binti yangu akajifungua mapacha. Akanipigia simu analia, akaniambia, Mama, nimelemewa, njoo unisaidie." Akapuliza unga wa chuma kutoka kwenye tupa. "Wiki hiyo hiyo nilihama. Nilikuja na nguo, na Biblia, na hii. Mwenye jengo alisema mashine hairuhusiwi, mpaka tawi la jirani lilipolala juu ya gari lake."

Mlinzi akacheka. "Sasa anamwita Madam."

Mikono yake ilikuwa imezeeka na ilitetemeka kidogo alipopumzika. Ilipoishika tupa haikutetemeka. Alirudisha mnyororo mahali pake, akaupima kwa kidole, akanipa nami niupime. Ulivutika kidogo, ukarudi.

"Una pa kulala?"

"Sina."

"Kuna chumba huku chini, karibu na jenereta. Kina kitanda. Lakini si chako peke yako." Akaigusa mashine. "Yeye ndiye analala humo."

"Anakoroma?"

"Inategemea umemsafisha vipi."

Mlinzi alifungua mlango. Chumba kilikuwa kidogo, kimefagiliwa, kinanuka petroli na mbao mbichi, na kwenye rafu ilikuwepo ile brashi ya taipureta, nywele zake zimeisha nusu. Niliiweka pawaso juu ya gunia lake na begi langu pembeni yake. Juu ya dari, ghorofani, mapacha walianza kulia kwa pamoja, na Karani, akiwa ameshaweka mguu kwenye ngazi, aligeuka.

Nilijua anachotaka kuuliza, nitakaa mpaka lini, na nilikuwa natafuta jibu. Jasho la njia lilikuwa bado linanitiririka shingoni. Aliliona.

"Sitakuuliza leo," akasema. "Bado una moto."

Akapanda kwenda kwa wajukuu.